Orodha ya Hitima ya Bi Tatu

Nilifika Jidda nikinuka kondoo. Nalisema hili mwanzo kwa sababu nyinyi vijana mnaonijia kuuliza habari za Saudia mnanichora kichwani nikishuka kwenye ndege na miwani ya jua. Mimi nilishuka kwenye meli ya mifugo. Nilitoka Tanga na cheti cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni, nikafanya kibarua Mombasa miezi minne, kisha nikapanda lori la mizigo hadi Mogadishu. Safari ile ilichukua siku tisa, na mbili kati yake tulilala chini ya lori tukimsubiri mtu aliyekwenda kutafuta springi. Mogadishu nikaugua. Nilipopona nikapanda lori jingine hadi Berbera, na Berbera ndipo nilipopata meli.

Ilikuwa miaka ya neema ya mafuta. Saudia ilikuwa ikila kondoo wa Kisomali bila kushiba, hasa Hajj ikikaribia, na kila meli ilitaka watu wa kuwanywesha wanyama. Nikamwambia serahangi, mkuu wa mabaharia, kwamba nimekulia katika mifugo. Aliniamini. Kondoo hawakuniamini. Kwa siku mbili walinikanyaga, wakanipiga pembe na kunilalia, na nilipotia mguu bandarini kanzu yangu ya pekee ilikuwa na rangi ambayo sijaiona tena.

Mfukoni nilikuwa na barua moja, kwa Maalim Sufiani wa mtaa wa Ghulail. Alikuwa Mzanzibari aliyehama baada ya Mapinduzi, mwembamba, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama leso. Nilimkuta mlangoni pa duka lake. Akaisoma barua, akanitazama, akavuta pumzi puani.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, Maalim."

"Pua yangu inaniambia mmekuja wengi."

Alinituma kuoga mara tatu kabla ya kuniruhusu nishike karatasi. Siku hiyo nilidhani ananidhalilisha. Baadaye nikaelewa kwamba karatasi zile zilikuwa za watu, na kila moja ilikuwa nyumba ya mtu.

Ubao wa duka ulisema tunauza madaftari na kalamu, maana ndivyo kibali cha kafili wake, mwenyeji aliyemdhamini, kilivyosema. Madaftari tuliuza kweli. Lakini kazi iliyotuweka mjini ilikuwa kuandika nasaba. Mtu anakuja na majina ya babu zake watatu au wanne, watu wa shamba, wakulima wa mpunga, wapanda minazi, wachunga mbuzi wa mabonde ya Hadhramaut, naye anataka kujua wametoka kwa nani. Sisi tunapanda naye jina kwa jina, kupitia barua za zamani, hati za mashamba, vitabu vya koo na vinywa vya wazee, mpaka pale alama zinapokatika. Wengine zinakatika kwa babu wa tano. Wachache wanafika kwa maamiri na masultani wa karne zile ambazo nyinyi mmezisoma shuleni kwa kurasa mbili.

Pesa ya mafuta ilitupa wateja ambao Maalim hakuwazoea. Kila aliyejenga jumba alikuwa na ukuta mtupu sebuleni, na aliona mti wa ukoo ndani ya fremu ya dhahabu utakaa vizuri pale. Mmoja alikuja na kamba aliyopimia ukuta wake. Akaikunjua dukani, akasema, "Nataka wa urefu huu." Maalim akamuuliza amekuja na mababu wangapi. Akasema watano. Maalim akaitazama kamba, akasema, "Basi itabidi tuandike kwa herufi kubwa sana."

Kazi hiyo nimeiacha sasa. Niko katikati ya miaka ya arubaini, na macho yangu hayawezi tena wino mwembamba. Lakini mnaniuliza jinsi ya kutafuta watu wenu wa zamani, na wengi wenu mnaanza vibaya. Mnamwendea bibi na kalamu mkononi, mnamuuliza, "Baba wa babu alikuwa nani?" Bibi anaogopa kukosea, anawaambia hajui, nanyi mnakwenda zenu. Mwulizeni jina lake alipewa na nani, na kwa nini. Mwulizeni lile shamba la karibu na mto liligawanywa vipi, na nani alikasirika. Watu husahau babu zao, lakini ugomvi wa mpaka wa shamba wanaukumbuka mpaka kizazi cha sita, na ndani ya ugomvi mna majina yote. Kalamu itoeni baada ya kahawa ya tatu. Swali lile lile liulizeni tena wiki nyingine, na jibu likibadilika msimwambie kuwa limebadilika.

Jambo jingine: kwetu pwani mjukuu hupewa jina la babu. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa ukoo wa Ali bin Omar bin Ali bin Omar bin Ali. Nikaona aliyenakili amesinzia na kurudia mstari, nikawafuta watu wawili. Maalim alipoona akaniambia kwa upole, "Umeua watu wawili leo, na hata chai hujanywa." Mpaka hivi sasa nikiona majina yanayojirudia mkono wangu unasita.

Lakini kosa kubwa lilikuwa lile la Bi Tatu, na hilo ndilo nililokalia kitako kuwaandikia.

Nassor Hamad alikuwa fundi wa magari, Mpemba wa upande wa Wete, mwenye nyumba ya watu saba pale pale Ghulail: mama yake, yeye, mkewe na watoto wanne. Kafili wao alikuwa mzee Mwarabu mwenye gereji, mtu mwema, aliyewashika tangu walipofika. Mzee akafa. Wanawe hawakutaka gereji wala mafundi wake. Wakauza kiwanja, wakamwambia Nassor kwa adabu kwamba ikama zao, vile vibali vya kuishi, zikiisha hawataziandika upya. Zilikuwa zimebaki miezi mitatu. Mnaoijua Saudia mnajua maana yake. Bila kafili hakuna ikama, na bila ikama unapakiwa urudishwe kwenu. Na Nassor hakuwa na pa kupakiwa. Nyumba yao ya Pemba ilikuwa na watu wengine tangu mwaka wa sitini na nne, na watoto wake hawakuwa wameiona.

Kulikuwa na tajiri mmoja Riyadh, mtu wa asili ya Hadhramaut, aliyejenga nusu ya maghala ya upande wa mashariki. Ukoo wake ulitoka kwa amiri mmoja aliyetawala bonde lao zama za kale, na mti wake ulijulikana. Nao akina Nassor, wakulima wa mpunga, walikuwa wakisema siku zote, kizazi baada ya kizazi, kwamba na wao asili yao ni amiri huyo huyo. Nassor alimfikia yule tajiri kwa njia ya dereva wake. Jibu lilirudi fupi: "Wakiwa damu yangu nitawachukua wote saba. Wasipokuwa, wanaoniomba ni wengi."

Nassor akaja dukani akiwa bado na grisi kwenye kucha. Hakukaa. Akasema, "Maalim, mimi sitaki mti wa ukutani. Nataka watoto wangu wasitolewe."

Maalim alikuwa na homa wiki ile. Akanipa mimi kazi. Nilikuwa na miaka mitatu ndani ya fani na nilijiona nimekomaa.

Nilikwenda kwa Bi Tatu, mama yake Nassor. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mcheshi, aliyeolewa na mtoto wa ami yake, hivyo wafu wa mumewe walikuwa wafu wake pia. Na wafu hao alikuwa nao daftarini. Kwetu, kama mjuavyo, nyumba nyingi zina orodha ya marehemu wanaosomewa hitima kila Shaabani kabla ya Ramadhani. Ya Bi Tatu iliandikwa na baba yake, ikatoka naye Pemba ndani ya mto wa kulalia. Majina yalipangwa moja chini ya jingine bila neno "bin" hata mara moja: Muhsin, Jaafar, Twahir, Aqil, Abdalla, kisha wengine, chini kabisa Shaame, Faki, Hamad. Hamad alikuwa baba yake Nassor, Faki babu yake, Shaame baba wa babu. Nikaona ngazi imesimama mbele yangu. Aliye chini ni mtoto, aliye juu ni mzazi. Nikainakili kwa robo saa.

"Umemaliza?" Bi Tatu akaniuliza.

"Nimemaliza, bibi."

"Mbona upesi hivyo, Mtanga? Hata maandazi hayajaiva."

Nilikula maandazi mawili nikaondoka. Dukani tulikuwa na nakala ya mti wa tajiri, fotokopi aliyoileta dereva. Mashine zile zilikuwa mpya na sisi tukiziabudu. Nikatafuta Muhsin, nikampata, mjukuu wa amiri mwenyewe. Nilifurahi kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. Nikaunganisha: Shaame mpaka Abdalla, bin Aqil, bin Twahir, bin Jaafar, bin Muhsin, mpaka kwa amiri. Hakukuwa na ufa popote. Nikaandika kwa wino mweusi, nikaenda Riyadh na Nassor.

Tulipanda gari la abiria kupitia Taif, njia ndefu, jangwa kushoto na jangwa kulia, na kila baada ya mwendo kitu kipya kinajengwa ambacho Nassor alijua kinatumia mashine gani. Alikuwa amevaa kanzu ya harusi ya mtu mwingine. Njia nzima aliuliza swali moja: "Hakuna ufa?" Nami nikamjibu kila mara, "Hakuna."

Mti wa tajiri ulikuwa na mtunzaji, mzee aitwaye Sheikh Barik, aliyekaa mtaa wa Suwaidi katika nyumba ya chumba kimoja cha wageni na vitabu vingi. Ujanani aliuza kahawa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kizuri kuliko changu. Akaikunjua karatasi yangu juu ya mkeka. Akapanda kwa kidole kutoka chini, polepole, akisoma kila jina. Alipofika kwa Muhsin kidole kikasimama.

"Muhsin huyu," akasema, "umempata wapi?"

"Kwenye mti wenu, Sheikh, na kwenye orodha yao."

"Wetu alikufa ananyonya."

Nikainama kulitazama jina lile juu ya mkeka.

"Mtoto wa miezi saba," akasema. "Na wewe umempa mwana, na wajukuu, na shamba la mpunga. Mimi nimetunza mti huu miaka arubaini, na sijawahi kuona mtoto mwenye bidii kama huyu."

Hakucheka aliposema hivyo. Akaikunja karatasi, akanirudishia mimi, si Nassor. Kisha akamwambia Nassor, "Nenda kwa amani, mwanangu. Wewe sikulaumu." Nilitamani ardhi ipasuke. Kurudi Jidda ni mwendo wa siku nzima, na Nassor hakuniuliza kitu hata kimoja. Afadhali angenitukana. Ikama zilikuwa zimebaki wiki tano.

Maalim alinisikiliza akiwa amelala kitandani. Nilipomaliza akauliza, "Orodha inasomwa vipi?"

"Kutoka juu kwenda chini, Maalim."

"Sijakuuliza macho yanakwenda wapi. Nakuuliza wamepangwa kwa sababu gani. Ulimwuliza mama wa watu?"

Sikuwa nimemwuliza. Maalim akavaa kofia, akiwa na homa yake vile vile, akanishika mkono tukaenda.

Bi Tatu alikuwa akichambua mchele. Maalim akakaa, akauliza hali, akauliza za Pemba, akanywa kahawa ya kwanza na ya pili. Kwenye ya tatu akasema, "Dada, hawa watu wako kwenye daftari, mbona Muhsin anatangulia?"

"Kwani atatangulia nani? Si hana kaburi."

"Hana kaburi?"

"Hao watatu wa mwanzo hawana. Muhsin, Jaafar, Twahir. Ndugu, tumbo moja. Walikwenda kuhiji pamoja hawakurudi, wala hakuna ajuaye walizikwa wapi. Sisi kwetu asiye na kaburi husomwa mwanzo, maana hana anayemzuru. Baba yao anakuja baada yao."

"Baba yao nani?"

"Aqil. Huyo alizikwa kwetu, tulikuwa tunafagia. Ndiye aliyekuja kutoka Arabuni." Akanigeukia. "Wewe uliwafanya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba nimewapanga wale ndugu watatu mtu na baba yake, nikawaweka juu ya baba yao aliyewazaa.

Bi Tatu aliweka ungo chini. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka mkewe Nassor akatoka jikoni kutazama kuna nini. "Yarabi," akasema, akifuta macho kwa ncha ya kanga, "Aqil wa watu, amezaliwa na mwanawe. Mtanga, na wewe una mama kweli?" Kisha kicheko kikamwishia ghafla, akamkumbuka mwanawe na wale wajukuu wanne. Akaniuliza kwa sauti nyingine, "Sasa imeharibika?"

Maalim akasema, "Haijulikani bado. Tuambie walivyofuatana."

Akatuambia. Twahir aliacha mwana kabla ya safari, Abdalla. Kutoka Abdalla kwenda Shaame kulikuwa na watu wawili au watatu. Waliokuwamo daftarini katikati walikuwa ami na wana wao, na majina ya hao wa mstari hakupewa, kwa sababu walikufa mwaka wa ndui na waliobaki walikuwa watoto. Nikauliza kama anaweza kukisia. Maalim akanikanyaga mguu.

Njiani kurudi nikamwambia, "Maalim, sasa una ufa. Ule wa kwanza haukuwa na ufa wakaukataa. Huu wataukubali?"

"Andika ufa," akasema. "Pale usipojua, acha nafasi ya watu watatu na uandike kwa wino mwekundu kwamba hujui. Na utakwenda wewe mwenyewe kumwambia Sheikh Barik umekosea wapi. Nassor asiwe mtu wa kubeba aibu yako."

Vijana, ningelipa chochote Maalim aende badala yangu. Sikulala vizuri wiki ile. Nilikuwa nimeona jinsi Nassor anavyowatazama watoto wake wakitoka madrasa, anawahesabu mlangoni wakiingia.

Mimi na Nassor tukarudi Suwaidi. Nilisema yote kabla sijavua viatu vizuri: kwamba nilinakili kwa robo saa, kwamba sikuuliza, kwamba mtoto anayenyonya nilimtafuta mimi na si wao. Sheikh Barik akanyoosha mkono. Akaichukua karatasi mpya. Kidole kikapanda, Hamad, Faki, Shaame, kikafika kwenye wino mwekundu kikasimama.

"Hapa?"

"Hapa hatujui, Sheikh. Watu wawili au watatu. Walikufa kwa ndui."

Kidole kikaruka nafasi, kikaendelea. Abdalla. Twahir. Kikafika kwa Aqil.

"Huyu alikuwa na wana wangapi?"

Nassor ndiye aliyejibu. "Watatu. Muhsin, Jaafar, Twahir. Mama yangu anawasoma mwanzo."

Mzee akainuka. Akafungua sanduku, akatoa mti wenyewe, si nakala, ngozi iliyozungushwa kwenye fimbo. Akaukunjua hadi pembeni kabisa, mahali ambapo mashine ya fotokopi ilikuwa imeukata ukingo. Palikuwa na kitawi kidogo kilichoishia hewani, na maandishi madogo ya mkono wa zamani. Akatusomea: "Aqil. Alikwenda Sawahili. Ana wana watatu huko. Habari zao zimekatika."

Majina ya wana hayakuandikwa. Wala maandishi yale yasingetosha kwa hakimu. Sheikh Barik mwenyewe alisema hivyo, kwamba Aqil ni wengi na wana watatu ni wengi. Kitawi hiki, akasema, hawaonyeshi watu, kwa sababu wakikiona watakuja na majina yaliyokwisha pikwa. "Nyinyi mara ya kwanza mlikuja na uongo ambao haukukijua," akasema, "na mara ya pili mmekuja na ukweli ambao haukukijua. Na mmekuja na tundu. Mwongo hajileti na tundu."

Alasiri alitupeleka kwa tajiri, mtaa wa Naseem, kwenye nyumba mpya iliyokuwa bado inanuka rangi. Mti ulikuwa ukutani, ndani ya fremu, na katikati ya matawi mna maua ya kila rangi. Tajiri akasikiliza. Alikuwa mtu wa haraka. Akaunyooshea kidole wino mwekundu.

"Mimi mti wangu hauna tundu."

"Unayo saba," Sheikh Barik akamjibu kwa utulivu. "Ndipo nilipochora maua."

Tajiri akageuka kuutazama ukuta wake. Nadhani alikuwa akiyahesabu maua. Mimi na Nassor tulitazama zulia. Kisha yule mtu akacheka, kwanza puani, halafu kwa kifua chote, akampiga mzee begani. Akamwuliza Nassor, "Unatengeneza magari gani?"

"Yote, bosi. Isipokuwa yaliyotengenezwa na wengine kwanza."

"Waweke," akamwambia Sheikh Barik. "Kwa wino huo huo mwekundu. Atakayekuja kujua zaidi ataandika juu yake." Na kwa Nassor akasema, "Lete ikama zote saba. Yalla, kahawa inapoa."

Nassor akainuka. Aliomba kuonyeshwa mahali pa kutawadha. Alikaa huko muda mrefu, na aliporudi ndevu zilikuwa zinadondoka maji na macho yake mekundu, na hakuna aliyemwuliza.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha fani yote. Baada yake sikuandika jina bila kuuliza limekaa hapo kwa nini. Nilijifunza kurekodi wazee kwa kaseti, nikajifunza kunakili kwa mkono kingo ambazo mashine inazikata, nikafika kwa masultani mara mbili au tatu zaidi. Lakini nikishukuru, huwa nawashukuru watu wanne: aliyenikanyaga mguu, aliyenicheka, aliyenirudishia karatasi, na Nassor ambaye siku ile ndani ya gari hakunitukana.

Nilikaa miaka sita zaidi. Mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa mahali, mahali pengine panaanza kuniita, na nikienda naanza kupakumbuka nilipotoka. Lakini Jidda sikuiacha kwa hiari. Maalim alizeeka, bintiye akamchukua Maskati. Kafili wa duka akataka mlango wake auzie mapazia. Ikama yangu ikabaki na mwezi mmoja.

Bi Tatu akaniita. Akanimiminia kahawa, ya kwanza, ya pili, ya tatu, nami nikajua kuna jambo.

"Mtanga, nina dada aliolewa Tanga. Zamani. Alizaa, akazaliwa wajukuu. Nikimwambia bosi kwamba wewe ni mjukuu wa dada yangu, atakuchukua. Watu wa Tanga nani atakwenda kuwauliza?"

"Dada huyo yupo kweli, bibi?"

"Aliyesema yupo nani?"

Nilifikiri siku tatu, sitawaficha. Nilikuwa na umri wa kuanza upya mahali, lakini sikuwa na mahali. Na nasaba hiyo ingeshika. Ni mimi ambaye ningeiandika, na wakati huo nilijua kuandika. Lakini mstari wa Nassor ulisimama kwa wino mwekundu, na wino ule uliaminika kwa sababu tulisema hatujui pale tusipojua. Wakinigundua mimi, watarudi kumkagua Aqil, na watu saba watasimama tena mlangoni. Nikarudi kwa Bi Tatu nikamwambia siwezi.

"Nilijua," akasema. "Lakini ungeondoka bila kuambiwa, ungedhani hatukutaki."

Nassor alinipeleka uwanja wa ndege kwa gari la tajiri alilolifufua mwenyewe. Alinieleza habari za injini, nami nikamsikiliza. Kwenye kizuizi, pale wasiosafiri wanapoachwa, akanikumbatia kwa haraka, kama mtu anayeogopa kuchafua kanzu ya mwenzake, akasema, "Nenda, ndugu yangu. Bi mkubwa anakusalimu, na maandazi yako kwenye mkoba."

Dirishani ofisa akachukua pasi yangu, akaona viza ya kutoka moja kwa moja, isiyo na kurudi. "Ikama," akasema. Nikampa. Akaitupa kwenye sanduku pamoja na za wengine bila kuitazama. "Unarudi?"

"Halas," nikasema. "Nimemaliza."

Nilipogeuka kumpungia Nassor mkono, nikaona askari amemsimamisha pale kizuizini, amemnyooshea kiganja. Nikabaki nimesimama. Watu nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Nassor akatia mkono mfuko wa kifuani, akatoa ikama bila haraka. Askari akaifungua, akaisoma mbele na nyuma, akamrudishia. Nassor akaitia mfukoni, akafunga kifungo, kisha akainua mkono akanipungia.

Nikaenda kupanda ndege.